Akiba Huoza

Waswahili husema akiba haiozi. Nimeuamini msemo huo tangu utotoni, na mara kadhaa nimewanukulia wanafunzi wangu. Mwezi uliopita niliuona ukikanushwa mbele ya macho yangu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye ukubwa wa kiganja.

Marehemu baba alikuwa karani wa serikali. Hakuacha shamba wala nyumba ya kupangisha. Miongoni mwa vichache alivyoacha ni seti ya sarafu nne za kwanza za Tanzania, zote za mwaka 1966, ambazo hazikupata kuingia sokoni. Alizinunua miaka ya sabini kutoka kwa mkusanyaji mmoja aliyekuwa akihama nchi, zikiwa zimepangwa katika plastiki laini iliyozibwa kwa moto pande zote. Zilikaa kabatini, chini ya vyeti vyetu vya kuzaliwa. Siku za sikukuu alizitoa, akatuonyesha, kisha akazirudisha. Onyo lake lilikuwa moja tu: “Msifungue. Mkifungua, zitakuwa chenji.”

Kwa vijana ambao hawakuziona, nieleze. Senti tano ilikuwa ya shaba nyeusi, yenye pembe 12 na picha ya samaki sulisuli. Senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 ilikuwa na sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili wa zote nne palikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Kabla ya hapo tulitumia fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi iliyoundwa na wakoloni mwaka 1919. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966. Kwa hiyo sarafu hizo nne zilikuwa, kwa namna yake, tangazo kwamba nchi hii sasa inahesabu mali yake yenyewe.

Nilipozitoa safari hii ili kumwonyesha binti yangu, senti tano haikuwa tena na rangi niliyoijua. Utando wa kijani, wenye kunata, ulikuwa umetambaa kutoka ukingoni hadi kwenye pezi la sulisuli. Nilidhani ni unyevu wa Dar es Salaam. Nikasoma na kuuliza wanaojua, nikaambiwa kuwa unyevu ni msaidizi tu na mkosaji ni plastiki yenyewe. Plastiki laini ya aina ile hutengenezwa kwa kemikali yenye klorini, na huongezwa vilainishi ili ikunjike. Miaka inapopita, vilainishi hujitokeza na plastiki hutoa tindikali, nayo hula metali iliyo karibu. Shaba na aloi zake ndizo huumia zaidi. Kilichowekwa ili kulinda ndicho kilichokuwa kikitafuna.

Ndipo swali likazaliwa: tufungue au tusifungue?

Nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, mstaafu wa utumishi wa umma.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Nimeiona ile picha uliyotuma. Usiguse.”

Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Mnunuzi wa sarafu, alisema, hulipia pia uhakika kwamba hakuna mkono uliozigusa. Seti iliyozibwa ikishafunguliwa, uhakika huo haurudi, hata ukiziba upya kwa ustadi gani. Tena, baba alikataza. “Wewe ni nani,” aliniuliza, “wa kutengua neno la marehemu?”

Upande wa pili alikuwepo mpwa wetu, kijana mwenye haraka, aliyetaka tuchane plastiki jioni ile ile na kuzisugua sarafu kwa limau na majivu, zing'ae kama mpya. Huyu naye angeziua kwa njia yake. Sarafu ikisuguliwa hupoteza uso wake wa asili, na ukiondoka haurudishiki. Mng'aro wa limau na majivu ni mng'aro wa kidonda kilichochunwa gamba.

Tulibishana wiki mbili. Hatimaye tukaenda kwa mama. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. “Baba yenu aliwakataza kwa sababu aliogopa mtazinunulia pipi. Sasa nani kati yenu atapewa pipi kwa senti tano?”

Kaka alinyamaza, nami nikanyamaza. Katika ubishi wote ule hakuna aliyejiuliza kwa nini katazo liliwekwa. Tulilirithi katazo, tukaisahau sababu yake.

Ndugu msomaji, hapa siwezi kujizuia kuyatazama makabati mengine. Ofisi zetu za umma zimejaa mafaili yaliyopigwa mhuri wa siri na watu waliokwisha kustaafu, kwa sababu zilizokwisha kufa, na yanalindwa na watumishi wasioweza kusema yanalinda nini. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaitambua miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kuzifungua kumbukumbu za umma kwa wananchi. Lakini faili lililoliwa na mchwa katika mwaka wa 20 halitasubiri sheria. Mtumishi anayekalia ufunguo kwa uaminifu na asikague kilichomo anafanana na kaka yangu: anaulinda mfuko. Na mwanaharakati anayetaka kila kitu kichanwe leo, bila orodha wala mpango wa kukihifadhi kitakachotoka, ana limau na majivu mkononi.

Sisi tulifungua, lakini kwa utaratibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, hivyo tulianza kwa kupiga picha pande zote mbili za mfuko. Tukaandika tarehe, hali ya kila sarafu na sababu ya kufungua, na wote watatu tukatia saini. Mama alitia yake juu ya zetu. Kaka ndiye aliyeshika mkasi, nami sikumnyang'anya heshima hiyo. Tulishika kila sarafu kwa ukingo. Utando tuliulowesha katika asetoni safi, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi, bila kusugua, hadi ulipolegea wenyewe. Kisha kila sarafu ikaingia katika kifuko chake cha poliesta isiyo na kilainishi.

Shilingi ilitoka salama, na mwenge wake uko kama siku ulipogongwa. Sungura na mbuni hawana jeraha. Sulisuli amepoteza sehemu ya pezi: palipoliwa pameliwa, na hakuna dawa ya kupajaza. Mfanyabiashara mmoja aliyeiona seti ametuambia waziwazi kwamba bei imeshuka. Kaka alinitazama aliposikia hayo, nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa ni kweli. Tungefungua miaka kumi iliyopita, pezi lingekuwa zima. Tungengoja mingine kumi, labda tungebaki na mfuko uliozibwa vizuri na kipande cha shaba kisichosomeka.

Jumapili iliyopita binti yangu alizishika zote nne kiganjani, kila moja katika kifuko chake, akazipima uzito. Aliuliza kwa nini shilingi ina mwenge. Nikamweleza habari za usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 na kilele cha Kilimanjaro. Kwa miaka yote ambayo baba alituonyesha sarafu zile kutoka mbali, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza swali hilo.