Krasha ya Mjomba

Mjomba aliponipigia simu nilikuwa kwa bedsitter ya rafiki yangu Roysambu, miezi mitano tangu niache chuo, na nilikuwa bado nawaambia watu nimeahirisha muhula. "We si ulisomea mambo ya mashine? Nitafutie krasha ya bei nafuu." Kusoma kwenyewe kulikuwa mwaka mmoja na nusu wa uhandisi, na mitihani miwili sijairudia. Lakini siku hizo hakuna mtu mwingine alikuwa ananiuliza chochote. Nikakubali.

Pesa ilitoka kwa nusu ya shamba la nyanya. Minazi na kila kitu. Mamangu aliweka sahihi pia.

Kule Vipingo, ukifukua kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe, yaani chokaa ya bahari ya zamani. Ni laini, ukilikwaruza kwa kisu linatoa unga. Watu wanalikata kuwa mawe ya kujengea, na vipande vinavyovunjika vinarundikana tu. Hivyo vipande ndivyo Mjomba alitaka kusaga viwe kokoto.

Nilifungua Excel kama msomi. Bei gawanya kwa tani kwa saa. Krasha ya nyundo ya tani 50 kwa saa ikaibuka mshindi, na aina ya mashine sikukosea: jiwe laini lisilo na mchanga mwingi halili nyundo haraka. Kitu sikuuliza ni Mjomba anauza lori ngapi kwa siku. Jibu lilikuwa tatu, nne kukiwa kuzuri. Kazi ya saa moja hivi. Na mawe yaliletwa na trekta moja na vijana wawili wa wilbaro, kwa hivyo injini ilinguruma kutwa nzima ikingoja chakula. Injini ikinguruma bila mawe inakunywa dizeli vilevile. Nilikuwa nimenunua tani, na Mjomba alihitaji lori nne.

Halafu masika ikaja. Matumbawe yana mashimo, na kwenye mashimo kuna udongo mwekundu. Ukikauka ni vumbi. Ukilowa ni ugali. Ulijaa kwenye nyundo, ukaziba chekeche, mkanda ukateleza, na tukawa tunazima mashine kila baada ya nusu saa kukwangua kwa jembe. Aprili nzima tuliuza lori tisa. Mjomba hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lilininyima usingizi.

Nilipanda basi nikaenda kukaa huko. Fundi mmoja wa Mtwapa, ambaye hajawahi kuona Excel, alitazama mdomo wa krasha akauliza mbona udongo unaingia na jiwe. Akachomelea chanja la vyuma vizito juu yake, lililoinama, lenye nafasi za vidole vitatu: jiwe linateleza hadi mdomoni, udongo na vipande vidogo vinaanguka pembeni kabla ya kufika kwa nyundo. Hayo makombo tunauza ya kujazia barabara. Siku hizi tunarundika mawe tangu kaskazi, Januari na Februari, na kuyafunika kwa maturubai. Injini tunawasha siku mbili kwa wiki, mawe yakiwa yameshajaa hapo karibu, tunasaga mfululizo, tunazima. Nyundo zikilika upande mmoja tunazigeuza kabla ya kununua zingine. Na kila jioni naandika daftarini lita za dizeli kwa kila lori. Hesabu hiyo moja ingenitosha tangu mwanzo.

Vumbi bado halijaisha. Tunanyunyiza maji, lakini yakizidi kidogo ugali unarudi, kwa hivyo vijana wanavaa barakoa na kuzivua nikigeuka.

Juni mkanda ulikatika. Tulikuwa chini ya mashine, mafuta hadi viwikoni, nami nikasikia nikisema, "Mjomba, chuo niliacha. Tangu mwaka jana."

"Mamako aliniambia kitambo."

"Kabla ya kunipigia?"

"Kabla. Nipe spana ya kumi na saba."

Nikampa. Siku hiyo hatukusaga hata lori moja.