NANI ANAKWAMBIA UKWELI?



Ndugu yangu katika imani, nilipokuwa sekondari nilisoma habari za Edward wa Pili, mfalme wa Uingereza. Alirithi ufalme mwaka 1307. Kipenzi chake, Piers Gaveston, alimpa vyeo na mali hadi wakuu wa nchi wakachukia. Mwaka 1312 wakamkamata Gaveston na kumuua.

Je, mfalme alijifunza? Hapana. Alimkumbatia mwingine, Hugh Despenser. Huyu alipora ardhi za watu, hata za wajane, na mfalme akanyamaza. Wakuu walilazimisha afukuzwe nchini mwaka 1321, mfalme akamrudisha. Mwaka uliofuata akamkata kichwa Thomas wa Lancaster, binamu yake mwenyewe, aliyeongoza upinzani.

Basi nani tena angethubutu kumwambia ukweli? Mwaka 1326 mkewe Isabella alirudi kutoka ng'ambo na jeshi dogo tu, na watu wakamkimbilia yeye. Januari 1327 Edward akavuliwa ufalme, akawekwa mwanawe wa miaka 14. Mwaka huohuo alikufa akiwa mfungwa katika ngome ya Berkeley.

Usiseme aliponzwa na washauri tu. Sikio lilikuwa lake. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kupata msaidizi mkweli ni alama ya kheri ambayo Mwenyezi Mungu anamtakia kiongozi. Sasa ukimpata ukamfukuza, utamlaumu nani?

Nasema haya nikijisema mwenyewe. Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliwahi kuniita pembeni, akaniambia: "Sheikh, unawakemea watu mno, vijana wanakukimbia." Mtu wangu wa karibu akaninong'oneza: "Huyo ana husuda." Nikaliamini neno la pili kwa sababu lilikuwa tamu. Mzee akahamia msikiti mwingine, na safu za vijana zikazidi kupungua. Ilinichukua miezi kadhaa kwenda kumuomba radhi. Alinisamehe, tukanywa kahawa, lakini kwetu hakurudi tena.

Ndugu yangu, huenda wewe si mfalme. Lakini ni baba, ni mama, ni bosi, ni mwenyekiti. Mkumbuke mtu wa mwisho aliyekukosoa ukamnunia. Mpigie simu leo, kabla hajazoea kunyamaza.

Ewe Mola, turuzuku wakweli, na utupe masikio ya kuwasikiliza. Aamin.