Saa za Askari na Mawe ya Shinkolobwe

Wenzetu wameandika humu juu ya ngoma, mahari na majina ya mapacha. Sisi tunaomba nafasi kidogo kwa kitu ambacho watu wanakicheka: saa za mkono za vita, zile ambazo serikali zilitengenezesha kwa ajili ya majeshi yao. Tuko watatu hapa Lubumbashi tunaozitafuta. Nyumbani wanatuambia: "Munakusanya saa zenye zilikufa!" Hazikufa zote. Na mtu wa Katanga iko na sababu yake ya kuzitazama.

Mbele ya vita ya 1914, mwanaume wa Ulaya alitembea na saa mfukoni. Katika mahandaki mkono mmoja ulishika bunduki na mwingine haukuwa na wakati wa kuchokora mfuko, basi saa ikafungwa kwenye mkono. Katika vita ya pili majeshi yalikuwa yameandika masharti yao. Saa ya Waamerika inayoitwa A-11, ukivuta kile kifundo cha pembeni, mshale wa sekunde unasimama, ili kikosi kizima kianze pamoja. Waingereza nao waliagiza kwa makampuni 12, kama Omega, Longines, Cyma na Grana, wakazipokea mwaka 1945: uso mweusi, tarakimu za kuwaka usiku, alama ya mshale mpana inayosema hii ni mali ya serikali, na nyuma herufi W.W.W. Anayetaka zote 12 anakwama kwa Grana, maana zilitengenezwa chache sana na bei yake inashinda ya pikipiki. Hiyo ni michezo ya matajiri. Sisi tunachukua ile inayopatikana kwa fundi wa saa kwenye soko la Kenya, ao ndani ya sanduku la marehemu fulani, watoto wakiwa hawajui ni kitu gani.

Lakini kilichotushika sisi ni ule mwangaza. Rangi iliyopakwa kwenye tarakimu ilikuwa radiumu iliyochanganywa na unga wa zinki, na radiumu inatoka katika mawe ya uraniumu. Mawe hayo yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, mwaka 1915. Union Minière ikayachimba, ikayapeleka Ubelgiji, na tangu 1922 kiwanda cha Olen kilitoa radiumu kwa wingi hata bei ikaanguka na machimbo ya Amerika yakafungwa. Kanada iliingia sokoni katika miaka ya 1930 tu. Watoto wetu masomoni wanasikia Shinkolobwe juu ya bomu ya Hiroshima, na ni kweli. Ila kabla ya bomu, udongo wetu ulikuwa tayari umefika kwenye mikono ya watu wengi wa dunia, ukiwaonyesha saa usiku. Askari wetu wa Force Publique walioshinda Waitaliano kule Saio, Uhabeshi, mwezi wa saba 1941, walikuwa chini ya amri za maofisa wazungu peke yao, na ofisa njo alitazama saa.

Ukiokota saa ya namna hiyo leo, iingize gizani: haiwaki. Watu wanasema dawa yake imekwisha. Hapana. Kilichochoka ni ule unga wa zinki. Radiumu yenyewe inahitaji miaka 1600 kupungua nusu. Ile rangi iliyogeuka kahawia sawa chai ya kukaa ingali na nguvu yake karibu yote. Kule Amerika, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kunyoosha brashi kwa midomo. Mifupa ya mataya yao ilioza, wengi wakafa, na watano wa New Jersey walipelekea kampuni yao mashitaka mpaka ikakubali kulipa mwaka 1928. Saa za miaka ya 1960 na kuendelea ni nyingine: herufi T ndani ya duara ni ya tritiumu, inayopungua nusu kwa miaka 12 hivi.

Kwa hiyo saa ya radiumu yenye kioo kizima tunaiacha imefungwa. Hatulali nazo chumba kimoja. Sanduku liko katika stoo yenye dirisha. Hofu yetu kubwa ni vumbi, na vumbi linatoka kwa fundi. Mteja anataka saa ing'are. Fundi wetu, mtu mwema sana na mwenye mkono wa ajabu, anafungua, anakwangua ile kahawia kwa ncha ya kisu, kisha anapuliza kwa kinywa.

"Muzee, usipulize," tulimwambia.

"Baba yangu alikuwa anapuliza paka vile," akajibu, "na alizeeka."

Tulimweleza habari za wale wasichana. Alinyamaza, akaweka kisu. Za kwetu hazikwangui tena. Za wateja wengine je? Wanamlipa kwa kukwangua, na iko na watoto wa kusomesha. Tukapatana hivi: akiletewa saa ya kuuzwa yenye rangi ya kahawia, atuite kwanza, tuinunue jinsi ilivyo. Mwezi uliopita alituita kwa ajili ya mbili. Tulikuwa na pesa ya moja.