Mwalimu wa Domeni

Barua ya kustaafu nimeshaipokea, na walimu vijana hapa Gitega, Burundi, bado wananiuliza kwa nini nilibishana na wakubwa kuhusu domeni, yaani kundi la masomo yanayofundishwa pamoja. Nawajibu kwa maandishi, wasije wakasema mzee alikuwa mkorofi tu.

Nimezaliwa Muyinga, mtaa wa Waswahili. Baba alikuwa akileta bidhaa kutoka Ngara, Tanzania, kupitia mpaka wa Kobero. Kiswahili tulikipata sokoni na madrasa, Kirundi kwa bibi, Kifaransa shuleni kwa kiboko. Siku hizo mtihani wa darasa la sita ndio ulioamua: ukifaulu unaendelea, ukianguka unarudi kwenye jembe. Nilifaulu. Wengi walioachwa hapo walikuwa na akili kunishinda.

Kwa hiyo ECOFO, yaani shule ya msingi ya miaka tisa, sikuipinga hata siku moja. Shule ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2005, watoto walifurika, na kuwachuja darasa la sita kusingewezekana tena. Sheria ya Septemba 2013 ikawapa wote miaka tisa. Ilikuwa haki, hata kama tulibanana wanne kwenye benchi na kufundisha kwa zamu, asubuhi wengine, mchana wengine.

Ugomvi wangu ulikuwa domeni ya lugha. Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili viliwekwa kapu moja, na shuleni kwetu kapu lenyewe akatwishwa mwalimu mmoja. Kiswahili kilihitajika, sikatai. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Lakini mwenzangu aliyesomea Kifaransa, ambaye Kiswahili alikuwa akikisikia redioni tu, alikesha na mwongozo ili asubuhi awatangulie wanafunzi walau ukurasa mmoja.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Naugawa ubao kwa mstari. Kushoto: abantu babiri, ibintu bibiri. Kulia: watu wawili, vitu viwili. Halafu nanyamaza. Haipiti muda, mtoto wa nyuma anainua kidole: "Mwalimu, mbona ni kama Kirundi?" Hapo ngeli zimeshaingia, na darasa zima linanidai mifano mingine.

Siku moja mkaguzi alitukuta katikati ya zogo hilo, akaniita nje.

"Mzee, mwongozo hausemi hivyo. Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili."

"Bwana Mkaguzi, Kirundi wanacho tayari. Nisikitumie?"

Akaandika kwamba sifuati mwongozo, na cheo changu kikachelewa. Sawa. Ila darasani hakurudi kusikia watoto wanavyojibu, na hilo sijamsamehe.

Nanyi vijana, acheni kujificha nyuma ya mwongozo! Mnawasomea watoto kitabu wanachoweza kujisomea wenyewe, kisha mnalalamika kwamba hawajui kitu. Anzeni na wanachokijua. Mkiandikiwa vibaya, mwandikiwe.

Kwa wanaopanga mitaala nina ombi moja. Kama mikoa 18 iliweza kupunguzwa ikawa 5 mwaka 2025, Muyinga yangu ikaingizwa Buhumuza, kuigawa domeni moja si kazi ya kuishinda serikali. Miaka tisa ibaki. Kirundi na Kiswahili apewe mwalimu mmoja, Kifaransa na Kiingereza mwingine, na wote wawili wapelekwe chuo kwanza. Semina ya siku chache haitoshi.