Jicho linaloona barafu

Wadau, wengi mmeniuliza kwa barua pepe swali lile lile: hivi huko Finland magari yanatembeaje wakati wa baridi? Leo najibu, ila jibu langu lina mkia.

Kwanza tuelewane kuhusu barafu yenyewe. Siizungumzii theluji nyeupe ya kwenye kadi za Krismasi. Ile unaiona, unajihadhari. Ya kuogopa ni ile nyembamba, isiyo na rangi, inayolala juu ya lami kimya kimya. Weusi wa lami unaonekana kupitia kwake, ndiyo maana wenyeji wanaiita musta jää, yaani barafu nyeusi. Dereva anadhani barabara imelowa tu. Mara nyingi huanzia madarajani, kwa sababu daraja hupigwa na baridi juu na chini.

Sasa njoo kwenye teknolojia. Kuna vihisi vya kufukia ndani ya lami, lakini hivyo vinapima pale pale vilipo, na ukitaka kuvibadilisha lazima uchimbe barabara. Ndipo wakaja na kihisi cha mwanga, kinachokaa juu ya nguzo kando ya barabara. Kampuni ya Vaisala ya hapa hapa Finland ni mojawapo ya wanaovitengeneza. Kinaelekeza barabarani miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni, halafu kinapima kiasi kinachorudi. Siri iko hapa: maji na barafu havifyonzi mwanga kwa namna moja. Kuna miale ambayo maji huifyonza zaidi, na mingine barafu huifyonza zaidi. Kwa kulinganisha tu, kifaa kinajua hapa pakavu, hapa pana maji, hapa barafu, hata kama utando haujafika milimita moja. Kinakadiria hadi tairi litashika barabara kiasi gani.

Taarifa hizo zinawafikia wanaotunza barabara, nao wanaamua gari la chumvi liende wapi. Kuna barabara ambazo vibao vya mwendo hubadilika kufuatana na hali ya hewa; kipande cha E18 kati ya Kotka na Hamina kilikuwa na mtindo huo tangu miaka ya 1990.

Safi sana, sivyo? Nami nilimsimulia hivyo hivyo, kwa mbwembwe, mzee wangu mmoja kutoka Bukavu anayeishi mtaa mmoja na mimi. Mzee anagawa magazeti usiku. Mimi naandika, yeye anafikisha mlangoni saa kumi alfajiri, kwa miguu, ngazi hadi ngazi. Novemba iliyopita aliteleza njiani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alinisikiliza hadi mwisho, plasta mkononi, kisha akasema: "Mutoto yangu, ile mashini iko inaangalia motokari. Miguu yetu njo nani anaiangaliaka?"

Sikuwa na jibu. Njia ya miguu mara nyingi inamtegemea mwenye jengo amwage kokoto, na saa kumi alfajiri mwenye jengo amelala. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu katika nchi hii huumia kwa kuteleza. Idara ya hali ya hewa hutoa hadi tahadhari kwa wanaotembea kwa miguu, lakini tahadhari ni ya mji mzima, haimwambii mzee kwamba ngazi ya jengo la tatu imeganda.

Sibezi kifaa. Kinaokoa roho za watu. Ninachosema ni kwamba jicho huwekwa pale mtu alipoamua pana thamani ya kutazamwa. Barabara kuu imepata jicho lake. Mkono wa mzee, ambao ada ya wajukuu Bukavu inautegemea, haujapata.

Hivi nyumbani kwetu, tukipata pesa ya jicho moja tu, tungelielekeza wapi? Nisaidieni kufikiri, wadau.