Kutoka Muheto hadi Nchi ya Masetla

Kabla ya safari hii sikuwa nimevuka mpaka wa nchi isipokuwa ule wa Goma na Gisenyi, tena kwa shughuli za soko na kurudi kabla giza halijaingia. Kaka yangu mkubwa alikuwa amehamia Nakuru, Kenya, kwa kazi ya ufundi wa magari, na kila aliponipigia simu aliniambia maneno yaleyale: "Njoo ujionee. Huku ni Masisi yenye lami." Sikumwamini. Masisi yetu ni milima, ukungu, ng'ombe na jibini. Kenya niliyoijua mimi ilikuwa ya bahari na simba.

Niliondoka Muheto, kwetu Masisi, alfajiri kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipofika Sake matope yalikuwa yametupanda hadi magotini. Goma nililala kwa shangazi, akanifungia jibini moja nimpelekee kaka, na kesho yake nikapanda gari la Bunagana.

Mpakani hapo nilipatwa na mshangao wa kwanza. Gari lilipovuka tu kizuizi, dereva akahamia upande wa kushoto wa barabara. Nilishika kiti kwa mikono miwili, na lori lililotujia upande wa kulia likatupita salama. Mzee aliyekaa kando yangu akaniambia, "Usiogope, mwanangu. Huku walitawaliwa na Mwingereza." Maneno hayo nilitembea nayo njia nzima. Wazungu walikaa mezani kwao Ulaya wakapiga mistari juu ya milima hii, na hadi leo upande mmoja unaendesha kulia na kujaza karatasi za serikali kwa Kifaransa, mwingine unaendesha kushoto na kuzijaza kwa Kiingereza. Watu wa pande zote mbili wanapanda viazi vilevile, wanaoana na kuzikana.

Uganda nitaipita upesi, maana sehemu kubwa basi liliipita usiku. Nakumbuka makona ya Kisoro hadi Kabale, ndizi za kuchoma njiani, na Kampala ambako sikujua nianze kutazama wapi. Kulipopambazuka tulikuwa Malaba, na baada ya kugongewa mihuri nikaingia Kenya kwa miguu, begi kichwani. Watu wa foleni ile walisema Kiswahili kwa kasi, wakichanganya na Kiingereza, lakini tulielewana. Hilo peke yake lilinifurahisha kupita kiasi: nimesafiri siku na usiku, nimevuka nchi nzima, na bado ninaomba maji ya kunywa kwa lugha ninayoomba nayo Muheto.

Baada ya miwa ya Bungoma barabara ilipanda, na hewa ikaanza kubadilika. Tukaingia kwenye tambarare ya juu yenye mashamba ya mahindi na ngano yasiyo na mwisho. Kwetu shamba hupanda mlima likashuka upande wa pili. Hapa lilikuwa limelala tambarare mbele ya macho, limenyooka, na trekta mbali kabisa. Mama aliyekaa nami akasema, "Tunakaribia Sisibo." Kibao barabarani kiliandikwa Eldoret. Akanieleza kwamba wazee bado wanauita mji huo hivyo kwa sababu ulianzia kwenye kiwanja namba 64, kwa Kiingereza "sixty-four", pale serikali ya Mwingereza ilipokata nchi vipande na kuvipa namba.

Wazungu waitwao Makaburu ndio waliovipokea vingi. Mwaka 1908 walikuja kutoka Afrika Kusini, wakapanda na magari yao ya kukokotwa na maksai kutoka Nakuru hadi kwenye uwanda huu wa Uasin Gishu. Kabla yao, mwaka 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa ameutoa uwanda huohuo kwa Wayahudi wa Ulaya waliokuwa wakitafuta nchi, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Niliposikia hayo nilikaa kimya muda mrefu. Nchi moja inatolewa kwa huyu, akiikataa inapewa yule, na wote wanaoitoa wako ng'ambo ya bahari. Wanandi, majirani wa uwanda huo, walipigana na Waingereza miaka kumi hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, alipokwenda kukutana nao kwa mazungumzo. Miaka mitatu baadaye maksai wa Makaburu wakapita.

Kutoka hapo tulizidi kupanda hadi Timboroa, na hapo nikavaa koti. Nikafungua dirisha kidogo na baridi ya nyumbani ikaingia: harufu ya nyasi mbichi, moshi wa kuni, ng'ombe. Viazi, kabichi, kondoo, ukungu juu ya miti. Kaka hakunidanganya. Nilicheka mwenyewe ndani ya basi na mama yule akacheka nami bila kujua sababu. Tofauti niliyoiona ni seng'enge. Masisi malisho makubwa yamezungushiwa miti na mbao. Hapa waya ulikwenda kilomita na kilomita, na nyuma yake ng'ombe weusi kwa weupe, wanene, wasiotuangalia.

Nakuru nilifika jioni. Mwenye nyumba wa kaka ni mzee wa Kikuyu aliyekula chumvi nyingi, na nyumba nzima inamwita Guka, yaani babu. Nilimsalimu kwa mikono miwili kama tunavyowasalimu wazee kwetu, nikamkatia jibini. Alionja, akanyamaza, akaniuliza, "Nani aliwafundisha kutengeneza hii?" Nikamwambia ilikuja na wazungu wa Ubelgiji. Akatikisa kichwa: "Basi na nyinyi mlikuwa na masetla," yaani walowezi wa kizungu.

Tulikaa hadi usiku mkubwa. Guka alizaliwa ndani ya shamba la setla upande wa Njoro. Wazazi wake walikuwa maskwota: waliruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga mbuzi kwenye ardhi ya mzungu, na kwa ruhusa hiyo walimfanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baba yake alivaa kipande shingoni, cheti chenye alama za vidole ndani ya kikopo cha bati, na kuonekana bila hicho lilikuwa kosa la kufungwa. Mwenye shamba, kwa upande wake, aliweza kupewa hati ya miaka 999 chini ya sheria ya ardhi ya 1915. Guka aliitamka hesabu hiyo polepole, tarakimu moja moja.

Nami nikamweleza ya kwetu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa madaraka ya kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi wa kizungu, wakalima kahawa, chai na pareto. Walipokosa mikono ya kazi ya kutosha, kuanzia 1937 utawala ukaleta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari, katika Masisi, kwenye milima ambayo mababu wa Wahunde walikuwa na mwami wao na desturi yao ya kugawa ardhi. Walioletwa hawakuchora mpango huo, na waliokuwapo hawakuuomba. Majirani hawa wawili waliachiwa ugomvi ulioandikwa ofisini, na tumezika watoto wetu kwa ajili yake. Guka alisikiliza akiwa ameshika magoti. Kisha akasema, "Huku pia. Setla ameondoka, sisi tukabaki kupigana juu ya alama za mipaka yake."

Asubuhi kaka akatupeleka Elmenteita pamoja na rafiki yake, mwalimu wa historia wa sekondari. Barabara ya Nairobi inapita juu, na chini unaliona ziwa, na flamingo ukingoni wamelifanya la waridi. Nilizoea maziwa ya Mokoto, meusi na matulivu, unachota na kunywa. Hili ni la magadi, halinyweki. Kando yake kuna shamba la Soysambu, lililokuwa la setla Lord Delamere.

Hapo ndipo mwalimu aliponipa habari ambayo sijaacha kuisimulia. Delamere alikuja kutoka Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1900 akapewa ekari 100,000 Njoro. Nyumbani tunapima kwa hekta: ni karibu hekta 40,000, kwa mtu mmoja. Kondoo wakamfia, ngano ikashikwa na kutu, akahamia Soysambu, na wakati huohuo akawa kiongozi wa masetla wote. Mwaka 1908 aliongoza maandamano hadi nyumbani kwa gavana kudai vibarua wa Kiafrika, akasimamishwa uanachama wa baraza la kutunga sheria. Mwaka 1922, London ilipotaka Wahindi wa Kenya wapige kura pamoja na wazungu, masetla waliunda kamati ya siri. Walipanga kushika reli na simu na kumteka gavana, Sir Robert Coryndon, wamfiche shambani mbali na Nairobi, kisha waendeshe nchi wenyewe. Wazungu wote wa Kenya wakati huo hawakufika 10,000, katikati ya Waafrika zaidi ya 2,000,000.

"Walidhani wao ni Wamarekani," mwalimu alisema.

Nilimwomba afafanue, tukakaa juu ya jiwe. Waingereza walijenga makazi Jamestown, Virginia, mwaka 1607, kwenye nchi ya watu waliotawaliwa na chifu Powhatan. Vizazi vikapita, makoloni yakafika 13, na London ilipowatoza kodi ya stempu mwaka 1765 walowezi walikataa kulipa kodi iliyopitishwa na bunge wasilolichagua. Mwaka 1773 wakamwaga chai baharini Boston, 1776 wakatangaza uhuru, 1783 Uingereza ikakubali. Uhuru huo ulikuwa wa walowezi. Wenyeji waliendelea kusukumwa magharibi, na watumwa waliotoka Afrika walibaki watumwa. Masetla wa Kenya walilijua somo hilo vizuri. Nao walipotozwa kodi ya mapato mwaka 1921 walilalamika hadi ikaondolewa, huku Mwafrika akilipa kodi ya kibanda bila kura yoyote. Nilizoea kufikiri kwamba kila anayedai uhuru dhidi ya mfalme wa mbali ni ndugu yetu. Juu ya jiwe lile nilibadili mawazo: kuna wanaoudai ili wabaki peke yao na watu waliowanyang'anya, bila mtu wa juu wa kuwauliza.

Masetla wa Kenya waliukosa uhuru wa namna hiyo. Julai 1923 Waraka wa Devonshire, wa serikali ya Uingereza, ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na maslahi ya Waafrika yatatangulia, ingawa nyanda za juu ziliachwa mikononi mwa wazungu. Wenzao wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao Novemba 1965, na ulihitaji vita virefu kuuondoa.

Safari ya Nairobi ilikuwa ya furaha tupu. Naivasha tulisimama kwenye duka kubwa la barabarani ambako mabasi na magari madogo yote husimama, na jina lililoandikwa juu ya mtindi ni Delamere. Nilikula vikombe viwili. Ni mtamu, wetu una uchachu zaidi na mimi naupenda wetu.

Nairobi kaka alinionyesha Kenyatta Avenue, pana, yenye miti. Zamani iliitwa Delamere Avenue, na sanamu ya bwana huyo ilisimama hapo hadi uhuru wa Desemba 1963, ikapelekwa Soysambu. Tukatembea hadi karibu na kituo kikuu cha polisi na Chuo Kikuu, kwa sababu mwalimu alitusisitizia tusikose. Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyepinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 watu walikusanyika nje ya polisi, mikono mitupu, wakidai aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Polisi walipiga risasi, na wazungu waliokuwa kwenye hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, nao wakapiga. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi.

Mwaka uliofuata Delamere na masetla wengine, ambao wenzao walipanga kumteka gavana, waliitwa London kwa mazungumzo. Waliosimama kumwombea mtu wao aachiwe walipigwa risasi. Nimeona mengi mazuri Kenya, na watu wake walinikirimu, lakini nikiulizwa nimejifunza nini, nitataja miaka hiyo miwili, 1922 na 1923.

Guka alipata ardhi yake kwa kuinunua. Kuanzia 1962 serikali ilinunua mashamba ya masetla kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ikawauzia Waafrika vipande, na wengine kama yeye wakachanga katika kampuni za kununua ardhi. Alilipa kwa miaka mingi kile ambacho hakuna aliyewalipa babu zake. Kwetu, Novemba 1973 Mobutu alitangaza mali za wageni zichukuliwe, na mashamba mengi makubwa ya Masisi yakaishia kwa wakubwa waliokuwa karibu na serikali. Mkulima wa Masisi hakuuziwa wala hakupewa.

Kenya jambo hili la ardhi limeandikwa. Mwalimu wa sekondari analijua kwa tarehe. Masisi bado liko vinywani mwa wazee wachache waliochuma pareto kwa mkoloni, Wahunde kwa Wanyarwanda. Msomaji wangu wa Muheto, Nyamitaba au Kitchanga, ukiwa na babu au bibi wa namna hiyo nyumbani, mwulize mwezi huu shamba lilikuwa la nani kabla ya uzio kuwekwa, na uandike jibu lake.