Zamu ya usiku

Wadau, wanaouliza kwa nini siku hizi naandika alfajiri, jibu ni hili: Ijumaa na Jumamosi nina zamu. Si ya chumba cha habari. Ni ya kwa dada yangu, Tabata, kando ya kitanda cha mwanawe mwenye Duchenne.

Huu ni ugonjwa wa vinasaba unaodhoofisha misuli, na karibu wote wanaoupata ni wavulana. Watu huona miguu tu: mtoto anaanguka ovyo, kisha kiti cha magurudumu. Wanasahau kwamba tunapumua kwa misuli pia. Nayo hulegea kimyakimya, na balaa huanzia usingizini. Tukiwa macho, misuli ya mbavu na shingo husaidia. Ukizama kwenye usingizi wa ndoto, hiyo hulegea na mzigo unabaki kwa kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu. Kikiwa dhaifu, pumzi zinakuwa fupi na hewa chafu, yaani kabonidioksidi, inabaki mwilini. Asubuhi kichwa kinauma. Darasani anasinzia, na mwalimu anamwita mvivu!

Dada akanunua kile kidude cha kubana kidoleni, kilichopata umaarufu wakati wa Korona mwaka 2020. Tunaandika namba daftarini: saa sita 96, saa tisa 91.

Ila tusidanganyane. Kidude hupima oksijeni, hakipimi kabonidioksidi. Namba inaweza kupendeza huku hewa chafu inapanda. Halafu kuna hili la rangi. Utafiti uliotoka Desemba 2020 kwenye New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa vipimo hivi vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Sasa sisi wa Tabata tuseme nini?

Jirani akashauri mtungi wa oksijeni. Daktari akakataa: kwa mtoto kama huyu, oksijeni peke yake inaweza kupandisha namba na kuficha tatizo. Kinachosaidia ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Bei yake inatisha, na inataka umeme usiku kucha.

Mpwa wangu ana miaka 13 na ana maoni yake. "Mjomba, ukinitazama hivyo usingizi haunijii." Nimehamia sebuleni, mlango wazi.

Daftari halikutupa majibu, ila limempa daktari sababu ya kuagiza kipimo kamili cha usiku, chenye kabonidioksidi ndani yake. Ni mwezi ujao. Kwa hiyo, kama unaye mtoto wa aina hii nyumbani, usisubiri akohoe. Muulize anaamkaje.

Na wewe unayeishi na mashine hiyo, nijuze: umeme ukikatika saa nane usiku, mnafanyaje?